Hina ya Alasiri

Shangazi yangu ndiye fundi wa hina wa Kibiti nzima. Hadi visiwani huko delta wanamfuata kwa boti. Nilimwomba anifundishe tangu sijaolewa. Kila nikiomba, ananisonya: "Mkono huo wa kutwangia, uchore nini wewe?" Nikisogea anapochora, ananigeuzia mgongo wake mpana kama mlango. Mchoyo! Hana binti wa kumrithisha, na bado hataki kumwachia mtu.

Basi nikajifunza kwenye simu. Kuna dada mmoja wa mtandaoni, anachorea kibarazani kwake mchana kweupe, taratibu, kila ua unaliona linavyoanza. Bando langu lote liliishia kwake. Nilijichora mapajani mpaka mume wangu akauliza kama nina ugonjwa. Nikaiva, wallahi, sijisifu.

Harusi ya kwanza kunipa kazi ilikuwa kijiji cha Mtunda. Mama wa bibi harusi aliniambia wazi: hina ikikolea, mabinti zake wote ni wangu, ikikataa, nisikanyage tena kwake. Nikaanza alasiri, nipate mwanga mzuri kama wa yule dada. Nikachora mikono yote miwili hadi viwikoni. Wanawake wakapiga vigelegele.

Shangazi akaingia, mkoba kwapani, akakaa mkekani. Nilijua amekuja kunisimanga. Akatazama ile mikono mibichi, akatazama jua, akaomba chai.

Adhana ya magharibi ikalia.

"Bibi harusi hasali?" akauliza kwa upole wa kunichoma.

Hina ikiwa bado imegandama mkononi, maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi. Nikamuuliza yule binti kama bado ana udhu wa alasiri. Akatikisa kichwa, ulishatenguka.

"Labda yuko kwenye siku zake," mmoja akatania, wakacheka. Hakuwa nazo. Mama yake akasema mwanawe haachi sala kwa ajili ya maua. Ndiyo maana kwetu hina hupakwa baada ya isha, na hilo nalijua tangu utotoni! Lakini yule dada wa mtandaoni hakuwahi kukatishwa na adhana, nami nikamfuata kama kipofu.

Binti akanawa. Kazi yangu yote ikaenda na maji, mikononi ikabaki rangi ya chungwa iliyopauka.

Baada ya isha, shangazi akafungua mkoba. Hina yake alikuja nayo imeshakorogwa. Toba! Mwaliko ulisema alasiri, kwa hiyo alijua tangu nyumbani kwake kwamba magharibi itanikuta, na akakaa pale anakunywa chai.

"Njoo ukae hapa ubavuni," akaniambia mbele ya watu wote. "Leo tazama, nakufundisha."

Miaka yote ile namwomba. Nikakaa, maana macho ya wanawake wote yalikuwa kwangu, nikageuza uso ukutani. Sikutazama hata ua moja.