Mfupa Uliogeuka Jiwe

Mwanangu, kila nikiona mchanga umemwagwa mbele ya nyumba inayojengwa, nakumbuka asubuhi niliyowafanya watu wa Kanyosha waache kazi na kukaa chini kwa huzuni, kwa sababu ya mdomo wangu tu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Akili nilikuwa nayo, ila sikuweza kukaa kwenye benchi. Nilibeba magunia kwenye bandari ya ziwani, nikaziba matairi kwa fundi mmoja, nikauza samaki, na kila kazi niliiacha nikishajua inavyofanywa. Vita vilipopunguza meli, nikaenda kuchimba mchanga mtoni Kanyosha. Tulikuwa tunamaliza mapema, maana barabarani kulikuwa na vizuizi na milimani risasi zilisikika. Usidhani tulilia kutwa. Tulitaniana mpaka mbavu zikauma.

Siku hiyo nilizungukazunguka kwenye kingo za mto, kama kawaida yangu, nikaona kitu cha kahawia kimechomoza kwenye udongo mgumu. Nikakivuta. Kilikuwa kipande cha mfupa, urefu wa kiganja na nusu, kimevunjika pande zote mbili. Kwa furaha nikakiosha mtoni, nikakikwangua kwa kijiko mpaka kikang'aa, udongo wake wote ukaenda na maji. Kisha nikapiga kelele: "Njoni muone! Nimepata mufupa ya mutu!"

Hakuna aliyecheka. Miaka ile, mwanangu, neno kama hilo halikuwa la kutupwa hovyo. Mama Daforoza, aliyekuwa akichekecha mchanga karibu nami, aliacha chekecheo lake likaelea. Kaka yake mdogo alikuwa amepita njia ile mwaka uliotangulia na hakurudi.

"Ni yeye?" akaniuliza. Mimi, niliyekuwa najua kila kitu, nikaugeuza mfupa upya mkononi.

Wachimbaji wakasema tuuzike, aitwe padri, na hapo pasichimbwe tena. Mama Daforoza akafungua kitambaa cha kichwani, kama mtu anayeanza matanga. Nikawaomba wanisubiri, nikaazima baiskeli, nikakimbia mtaa wa Buyenzi kwa Mzee Ramadhani, mchinjaji aliyejua mifupa ya kila aina, ambaye nilikuwa nalala uani kwake. Nikamleta nyuma ya baiskeli, anashika kofia yake kwa mkono mmoja na kunigombeza njia nzima kwa sababu ya mashimo.

Aliupima mfupa mkononi. Akaugonga kwa mgongo wa kisu, ukalia kama kigae.

"Peti," akaniambia, "we uliubeba kote huko, haukukuambia kitu? Hii imekuwa jiwe. Mufupa ya mwaka jana haiwi jiwe. Tena angalia ukuta wake, munene hivi. Mutu ana mufupa kama hii? Labda wewe, juu ya kichwa."

Watu wakaanza kutabasamu, lakini si Mama Daforoza. "Muzee, na kama chini yake kuna ingine? Kama huyu iko juu ya wangu?"

Mzee akanigeukia. "Uliutoa wapi?"

Nikaonyesha ukingo. Halafu nikaonyesha mwingine. Kingo zote zilifanana, na udongo ambao ungetuonyesha nilikuwa nimeuosha mwenyewe.

"Mi nikinunua ngombe nauliza imetoka zizi gani," akasema. "We unaniletea nyama, mnyama umemwacha, na njia umeifuta. Halafu unaita watu waje kulia! Haya, tafuta."

Tulitafuta wote, tukipapasa kingo kwa vidole, mpaka jua likawa utosini. Mama Daforoza mwenyewe ndiye aliyeliona tundu lenye umbo la mfupa wangu. Mzee akapiga magoti, akatuonyesha. Juu ya tundu kulikuwa na tabaka la konokono wadogo wa ziwani na kokoto, limeshikana kama sementi, limenyooka bila kukatika popote.

"Mutu akichimba kaburi, anachanganya udongo wa juu na wa chini," akasema. "Hapa hakuna jembe limepita. Ziwa lilifika hapa, likalala juu yake, likaondoka. Hiyo ni zamani sana, mama."

Akachokoa taratibu kwa ncha ya kisu, akatoa jino lililopinda, nene kama ndizi ya kupika. Jino la kiboko! Mama Daforoza akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, kisha kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Yampayinka!" akashangaa. "Kaka yangu alikuwa na sura mbaya, lakini si hivi!"

Tulicheka mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakasimama kututazama. Akafunga tena kitambaa chake. Hakumpata kaka yake siku ile, lakini hakumzika pia, akaendelea kumsubiri.

Kisha Mzee akatufundisha kulamba: mfupa wa kale mara nyingi hunata kwenye ulimi, jiwe la kawaida halinati. Wiki nzima wachimbaji wa Kanyosha walilamba mawe kama mbuzi kwenye chumvi, wakibishana.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipata kitu cha kale ardhini, usikivute kwanza. Kitazame kikiwa mahali pake, tazama kilicho juu yake na chini yake, weka alama. Usikikwangue ili kipendeze. Usikipe jina kabla hujakijua. Sema "sijui" na umtafute anayejua, hata kama ni mchinja ng'ombe. Na kabla ya kupiga kelele ya furaha, angalia ni nani amesimama karibu nawe na anamsubiri nani.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza, na kila unayemsubiri akurudie akiwa mzima.