Sikio la Fundi na Silinda ya Tatu

Gari lolote likiingia kwenye ile gereji ya mabati, mtu wa kwanza kulikagua alikuwa Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini inayonguruma, akabana mpini sikioni, akafumba macho, na gereji nzima ikanyamaza. Hata mchomeleaji, ambaye kwa kelele hakuwa na mshindani, alizima mashine yake. Kisha hukumu ikatoka. "Beringi." "Valvu." "Mnyororo umelegea." Sikio akishasema, hakuna wa kupima tena. Kupima tena kungekuwa kumvunjia heshima mchana kweupe, na huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale kwa miaka thelathini na kitu.

Sasa tuseme ukweli ambao mwenyewe hakutaka kuusema. Sikio lenyewe lilikuwa limekufa. Lilianza kwa mlio mwembamba usiokoma, kama birika linalochemka chumba cha pili. Kufikia mwaka jana upande wa kulia ulikuwa haunasi kitu, na wa kushoto unanasa nusu nusu. Mkewe alidhani amekuwa jeuri wa uzeeni. Wenzake walidhani anaringa. Naye akaona heri aitwe jeuri. Akaendelea kubana bisibisi na kufumba macho, huku akihukumu kwa uzoefu, kwa harufu ya moshi na kwa mtetemo wa mpini kiganjani. Na gari hata moja halikurudi na lawama. Hilo lilimpa kichwa kidogo, kwa nini tufiche.

Ikaja pikapu ya zahanati. Wiki moja nyuma dereva wake, mwanamume mwembamba anayeongea kana kwamba kuna mtu anamfukuza, aliileta na malalamiko mawili. Injini inatetemeka gari likisimama. Na gia, ambazo gari hilo hujibadilishia lenyewe, zinachelewa kuingia, halafu zinaingia kwa teke. Sikio akasikiliza. Hakusikia kitu. Akajiambia kwamba injini yenye ugonjwa isingekaa kimya mbele yake. Basi ubaya hauko huku.

"Giaboksi," akahukumu.

Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa, ikatiwa sahani mpya za ndani na mafuta mapya. Siku tatu za jasho. Dereva akaondoka nayo kwa furaha.

Asubuhi hii, saa mbili na robo, pikapu ilirudi, na dereva hakuja peke yake. Alishuka na mkunga wa zahanati, mama wa makamo ambaye hakuwa na habari ya salamu ndefu.

"Fundi, jana hili gari limetaka kutuua," alisema. "Tunapanda mlimani, tumefika ile kona kali, likaanza kuhangaika na gia. Linapandisha, linashusha, linapandisha. Mara nguvu zikakatika, tukarudi kinyumenyume mpaka dereva akaliegemeza ukutani kwa mlima. Upande wa pili ni bonde, unalijua."

Sikio alikuwa akimtazama midomo. Maneno mengi aliyapata hivyo.

"Kule juu kuna mama ana mapacha," mkunga akaendelea. "Uzazi wa kwanza alipasuliwa. Uchungu ukimkuta kule, mimi sina kisu wala damu ya kumwongezea. Leo lazima nimshushe. Gari jingine la kupita ile njia sina. Wewe niambie tu, hili linapanda au halipandi?"

Mchomeleaji alizima mashine. Dereva aliwasha injini, ambayo bado ilikuwa ya moto kwa safari ya kuja. Sikio akashika bisibisi, akaigusisha kwenye injini, akabana mpini sikioni, akafumba macho. Birika lilikuwa likichemka. Zaidi ya hilo, kimya kitupu.

Angeweza kusema chochote, na chochote kingeaminiwa. "Giaboksi inajizoesha sahani mpya, liende tu." Maneno yalikuwa tayari ulimini, na yalikuwa maneno mazuri, ya kitaalamu. Akafumbua macho. Mkunga alikuwa amemkodolea macho, mikono kifuani, akisubiri ruhusa ya kumpakia yule mama. Sikio aliiona ile kona, akaliona na bonde. Aliogopa, na safari hii hakuogopa aibu peke yake.

Akaitoa bisibisi sikioni.

"Sisikii," alisema.

"Kwa hiyo injini haina ubaya?" dereva akauliza, uso umeanza kuchangamka.

"Sijasema hivyo. Mimi ndiye sisikii. Masikio yamekufa, huu mwaka wa pili. Wiki iliyopita nilikisia."

Dereva ndiye aliyepasuka kwanza. "Ulikisia! Na mimi jana nilikuwa nimeshika usukani pale juu! Mzee, una akili kweli?"

Sikio alijua dereva amesema kweli. Aligeukia kibanda cha fundi umeme, na fundi umeme alikuwa binti yake wa kumzaa. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo.

"Mama, njoo usikilize wewe."

Alikuja akijifuta mikono. Bisibisi aliyonyooshewa hakuipokea. "Mimi sisikilizi, Baba. Mimi nachomoa."

Injini ikinguruma, akachomoa waya wa koili ya kwanza, ile inayopeleka moto kwenye plagi ya silinda ya kwanza. Gari likayumba kama mgonjwa aliyevutwa shuka. Akarudisha, likatulia. Ya pili, vivyo hivyo. Kisha akamshika baba yake mkono, akamwekea kiganja kwenye ukingo wa boneti, akachomoa ya tatu.

Hakuna kilichobadilika. Sikio alingoja, kiganja kikisikiliza. Hakuna.

"Hii haifanyi kazi," akasema polepole.

"Ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka," binti akamwambia mkunga. "Silinda tatu zinabeba kazi ya nne. Na giaboksi inafuata nguvu ya injini. Nguvu ikikatika, ikija, ikikatika, haijui ipandishe gia au ishushe. Giaboksi ilikuwa nzima siku zote."

Waya ulikuwa umepasuka chini ya kifungo chake, ufa mwembamba tu, na koili yenyewe imeungua. Binti akaingia kibandani kutafuta nyingine kati ya zile alizotoa kwenye magari yaliyokufa. Sikio alimfuata.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Akapekua boksi kwanza. Kisha akamgeukia ili midomo yake ionekane. "Magari yako yote mwaka huu nimekuwa nayapitia, Baba. Ukienda kula mchana. Hili lilinipita, nilikuwa nimekwenda kununua vipuri. Nilivyorudi giaboksi ilikuwa chini, na wewe ulishasema. Ningesema nini mbele ya watu?"

Ilimchoma kuliko maneno ya dereva. Kile kichwa alichokuwa nacho mwaka mzima, kumbe si chake.

Saa tatu na nusu koili ilikuwa imefungwa na injini imetulia. Lakini dereva alikunja mikono. "Sipandi mlima mpaka fundi akae pembeni yangu. Likirudi nyuma, turudi wote."

Haki yake. Sikio akafungua mlango wa abiria, akaweka mguu mmoja ndani. Binti akamshika bega.

"Shuka, Baba. Nimefunga mimi, napanda mimi."

"Ile kona unaijua wewe?"

"Likianza kukatika pale konani," alimuuliza kwa upole, "nani atalisikia?"

Akashuka. Binti akaketi mahali pake. Mkunga akajipakia nyuma na godoro la kumlaza yule mama, na pikapu ikatoka getini.

Saa nne ikapita. Saa tano. Sikio alianza kazi tatu, hakumaliza hata moja. Aliona magurudumu yakiserereka kwenye kokoto kila alipofumba macho, kwa hiyo akaacha kuyafumba. Mtoto wake mmoja tu, na amempandisha kule yeye mwenyewe, kwa kiburi chake.

Saa sita kasoro simu ikawaka mezani. Jina la binti. Aliishika, akaipeleka sikioni kwa mazoea, halafu akavuka uwanja mbio na kumsukumia mchomeleaji.

"Nisikilizie."

Mchomeleaji akavua miwani yake myeusi, akapokea. Akaruka, akaisogeza simu mbali na kichwa chake. Sikio alimtazama midomo.

"Wamefika chini!" mchomeleaji akasema. "Wako hospitali. Mama ameingizwa chumba cha upasuaji, mapacha wote mioyo inapiga." Kisha akasugua sikio lake. "Sasa huyu mtoto mbona anapiga kelele hivi kwenye simu?"

Sikio akakaa juu ya tairi.

"Amezoea kuongea na mimi," alisema.