Mlango Mmoja, Mbwa Wawili

Mwezi uliopita, nikikoroga uji hapa Lozells, huku kwa Waingereza, nilisikia mbwa akiguguna waya za kizimba chake, na papo hapo nikanusa moshi wa jiko la nyanya yangu aliyenilea. Usinicheke. Ukifika umri wangu, pua ndiyo inayokumbuka.

Mbwa ni wa mjukuu wangu. Kabla yake walikuwa na mwingine, mzee, Mungu amrehemu kama mbwa hurehemiwa, ambaye kizimba kile kilikuwa kitanda chake. Alijiingiza mwenyewe na kukoroma. Huyu mpya, ukifunga tu mlango analia kama amefiwa. Binti yangu ni nesi, anatoka asubuhi, mtoto yuko shule, nabaki mimi na kilio. Na ukuta wetu ni mmoja na jirani, Mzanzibari anayefanya kazi usiku kule Tyseley na kulala mchana. Jumapili moja akabisha hodi.

"Shikamoo bibi. Mimi sina ugomvi na mbwa wenu. Mwenye ugomvi ni usingizi wangu."

Binti yangu akasema basi, Jumamosi mbwa arudishwe alikotoka. Mjukuu akaacha chakula mezani, akapanda chumbani.

Sasa twende nyumbani kidogo. Kwetu, nikiwa mtoto, mbwa walifungiwa bandani alfajiri, wakafunguliwa jioni walinde. Mbwa anayezurura mchana, watu walisema, huzoea kila mtu, mwisho anamsalimia hata mwizi. Kufunga banda ilikuwa kazi yangu, maana shule niliachia darasa la tatu, mwalimu na mimi hatukuelewana. Mbwa wetu walikuwa wawili. Popi aliingia, akajizungusha mara tatu, akalala. Chui aliuona mlango akatetemeka. Niliamini ni ukaidi. Nikamsukuma ndani, nikaegemeza mlangoni jiwe la nyanya la kusagia wimbi, nikaenda kuteka maji. Niliporudi mabanzi ya mlango yalikuwa na damu, na Chui hana jino la mbele.

Nyanya hakunichapa, na heri angenichapa. Aliliondoa jiwe lake, akamtandikia Chui gunia kwenye kona ya jikoni, akamtupia ukoko wa ugali, akaweka mbele yake kibao kifupi ambacho hata kuku angekiruka.

"Mlango mmoja, mbwa wawili," akasema. "Huyu anaona nyumba, yule anaona kaburi."

Jirani yetu wa enzi hizo akamcheka. "Mama, umeshindwa na mbwa?"

"Nimeshindwa, ndiyo. Wewe uliyeshinda, mbona wako analia?"

Chui hakukiruka kile kibao mchana hata mmoja.

Basi, Jumatatu ile nikakiburuta kizimba hadi uani, mgongo ukinilaani. Nikatandika jikoni leso yangu kuukuu ya kujifunga, nikalaza ubao wa kupigia pasi kwa ubavu mlangoni, nikasonga ugali kwa ajili ya ukoko tu.

"Mama, mbwa wa huku hawali ukoko," binti yangu akasema.

"Mwambie yeye."

Mbwa alikula, akashusha pumzi, akalala kwenye leso. Siku ya kwanza nilikaa karibu naye. Ya pili nikahamia sebuleni. Ya tatu nikaenda dukani, nikarudi, kimya. Ijumaa jioni hodi ikapigwa. Ni Mzanzibari. Binti yangu akashika kichwa.

"Bibi, mmeshamrudisha?"

"Yuko jikoni, mwanangu."

Akachungulia, akamwona. "Nimelala mpaka swala ya Ijumaa nusura inipite. Nilipoamka nikadhani nimekufa."

Mjukuu, ambaye Kiswahili hukisikia na kukujibu kwa Kiingereza, akanishika mkono. "Asante, shosho." Kwa Kiswahili, tena mbele ya mashahidi. Jumamosi mbwa alitolewa matembezi, akarudi kwake, kwenye leso.

Nyanya hayupo tena. Banda liligeuzwa kuni, gunia likaoza, na shamba lina nyumba za watu nisiowajua. Hata sauti yake, nakiri, naitafuta siipati. Lakini kila nikwanguapo sufuria, kwaru kwaru, mbwa wa Lozells huinua masikio, na mimi pia.