Leso Mdomoni mwa Shemeji

Mimi nina mdomo. Tangu utotoni nilichapwa kwa ajili yake na sikukoma. Na kwetu shemeji ni wa kutaniwa. Ukimwamkia kwa adabu tupu atadhani umemkasirikia. Basi mume wa dada yangu nilimtania kila siku ya Mungu, naye hakuniachia, na hivyo ndivyo tulivyopendana.

Alikuwa mvunja mawe Changamwe, miaka ile ya vita vikuu vya pili, serikali ilipokuwa ikijenga mbio mbio. Si matumbawe yetu haya laini. Yalikuwa mawe magumu ya mchanga, yakiletwa kwa treni kutoka Mazeras, na wanaume wakiyapasua kwa nyundo na tindo. Jioni alirudi mweupe hadi kope.

Dresa mmoja, mfunga vidonda wa zahanati, alimwambia dada yangu wazi kwamba vumbi la jiwe lile likishaingia kifuani halitoki. Jiwe limwagiwe maji kabla ya kupigwa, na mtu azibe pua na mdomo. Dada akaenda mwenyewe kwa nyapara kuomba maji. Nyapara akamjibu kwamba maji ni ya saruji. Nilipoambiwa hasira zilinipanda, na mpaka leo zinanipanda.

Basi dada akachana leso yake mpya ya kujifunga, akashona kitambaa cha mikunjo mitatu chenye kamba za kufungia kisogoni. Kila asubuhi alikilowesha, akamfunga mumewe kwa mikono yake hapo mlangoni.

Chakula cha mchana nilikuwa nampelekea mimi. Siku ya kwanza kumwona na ile leso ya maua usoni, macho tu yamebaki nje, nilishindwa kujizuia. Nikasema kwa sauti, wanaume wote wasikie, "Jamani, mwari ametolewa nje! Nani anamposa?"

Walicheka hadi nyundo zikasimama. Yeye pia alicheka. Akakifungua, akakitia mfukoni, akasema, "Shemeji, leo umenipata."

Hakukivaa tena kazini. Wenzake walikwisha kumwita mwari wao, na mwanamume gani atavumilia hayo kutwa nzima? Jioni, kabla ya kufika nyumbani, alikilowesha bombani, akakipaka vumbi kidogo na kukifunga, ili mkewe amkute nacho. Nilimwona akifanya hivyo. Akaweka kidole mdomoni mwake kunionya nisiseme, nami nikacheka. Nilifurahi kupewa siri.

Vita vilipokwisha, kikohozi kilikuwa kimeshamkaa. Kilima kidogo cha kufikia kwao alikipanda kwa kupumzika mara tatu. Dada alimpa maziwa, asali, na kila alichoambiwa na majirani. Siku moja nilimsihi akivae kile kitambaa, nikamwomba hata kwa machozi. Akanitazama kwa huruma. "Sasa cha nini, shemeji?"

Alikufa ameketi, kwa sababu kulala hakuweza tena. Wapo wasomi walioniambia baadaye kwamba kitambaa peke yake kisingemwokoa, kwamba dawa ilikuwa maji juu ya jiwe. Huenda. Lakini maneno yao hayajanipa usingizi.

Kwetu, matangani, mtani wa marehemu ndiye wa kuwachekesha wafiwa. Humwigiza alivyotembea, alivyokula, alivyogomba. Wanawake wakaniita niamke nianze. Sikuinuka. Nililia tu, na ulimi wangu, ambao haukuwahi kuniangusha, ulikuwa mzito kinywani.

Dada akaja akaketi nami mkekani, akanishika mkono. Alikuwa amekonda kuliko marehemu.

"Usilie hivyo, mdogo wangu," akasema. "Kosa ni langu. Leso ilikuwa nyepesi, ningeikunja mara nne. Nisamehe, nimekuulia shemeji yako."

Nikamwambia nimemsamehe.