Aliyezikwa Nje ya Minyaa

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu. Sikusimuliwa na mtu. Kama unaona ni uongo acha kusoma hapa hapa, sitakubembeleza.

Siku uvumilivu uliponiisha nilikuwa nyumbani kwetu kijijini, nyuma ya Usagara, mtoto mgongoni na panga la mama mkononi, nafyeka uzio wa minyaa. Kila mtu wa huku anajua minyaa haikatwi hovyo. Utomvu wake ukikuingia jichoni unaweza kupofuka. Nilijua, na nilikata. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akatoka ndani amejifunga shuka, akauliza nimeingiwa na nini. Tangu nizaliwe ilikuwa mara ya kwanza kuonana naye nisimwamkie.

"Uzio huo nilipanda mimi," akasema.

"Na kaburi ukalichimba nje yake wewe."

Kaburi lenyewe ni la mdogo wangu, Mabula. Ngoja nikueleze alikuwa nani, maana kwa jinsi walivyomzika ungedhani alikuwa mpita njia.

Enzi za kivuko, kabla ya daraja, mama alikuwa anauza samaki wa kukaanga pale Kigongo, watu wanapovukia kwenda Busisi. Siku moja mvua inanyesha, binti mmoja akamwomba amshikie mtoto, yeye akakate tiketi. Kivuko kikaondoka. Binti hakurudi. Mama alikaa pale na kile kichanga mpaka kivuko cha mwisho, samaki wote wamelowa. Akaenda polisi, akaenda ustawi wa jamii, mwenye mtoto hakupatikana. Mwisho baba na mama wakamwasili mahakamani, kihalali kabisa, mbele ya hakimu. Wakamwita Mabula, kwa Kisukuma ni mvua, kwa ajili ya mvua ile. Mimi nilikuwa mdogo mno, sikumbuki nyumba yetu bila yeye.

Shuleni walimwita mtoto wa kivuko. Unadhani alilia? Akiulizwa kabila lake alikuwa anajibu, "Mimi Mkivuko. Tuko wachache ila tunaelewana." Watu wanacheka, yanaisha. Mara moja tu, tukiwa tunachambua mchicha, aliniuliza kama yule binti alikuwa mrefu. Nikamwambia sijui. Hakuniuliza tena.

Alipomaliza shule akajifunza kuunda mitumbwi huku mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuziba: unachukua pamba, unaisokota, unaishindilia kwenye maungio ya mbao kwa nyundo ndogo, tak-tak, tak-tak, mpaka maji yakose pa kupita. Nywele zake hazikukosa pamba. Mama alikuwa anamtania kwamba ameota mvi kabla ya kuoa.

Halafu baba akapooza upande mmoja. Nisikilize vizuri hapa. Mabula ndiye alikuwa anamwogesha. Ndiye alimbeba kumpeleka chooni na kumrudisha, ndiye alimtoa juani asubuhi na kumnyoa ndevu. Watoto wa kiume wa baba mkubwa wanakaa jirani kabisa, walikuwa wanakuja kusalimia na kuondoka. Baba alikata roho amelalia kifua cha Mabula. Wakati wa kumbeba mzee alikuwa mtoto wa ndani. Kwenye kuzikwa akawa mtu wa nje.

Yeye mwenyewe aligongwa na lori pale njia panda ya Usagara, amekwenda kununua mbao. Hakufika hospitali. Mimi nilikuwa na tumbo kubwa, na kwetu mjamzito hasogei kaburini. Wakanifungia ndani na bibi wawili wa kunilinda, nikasikia nyimbo zinakwenda na zinarudi. Waliporudi nilimuuliza mama wamemlaza wapi. Akasema, "Kwa baba yako." Nikaridhika. Nikajifungua, nikarudi mjini, Kiseke, kwa mume wangu, nikawa nalia kidogo kidogo kama watu wengine.

Sasa sikia.

Mtoto wangu alikuwa bado hajajua hata kukaa. Siku hiyo alikuwa amelia tangu asubuhi, nimembembeleza mpaka mikono imekufa ganzi. Saa nane mchana, jua linawaka juu ya yale mawe yetu ya Kiseke, nafua nguo zake huku nimempakata, nikasikia hodi. Nikainua macho. Mabula kasimama nje ya geti, na suruali yake ya kazi, na pamba kichwani.

Niamini, sikuogopa. Akilini hakukuja kabisa kwamba amekufa. Nilichofikiria ni kwamba amekuja bila kupiga simu na mimi sina mboga.

Nikamwambia aingie, geti halijafungwa. Akatikisa kichwa.

"Siingii, dada. Mwisho wangu uzioni."

Nikacheka, nikamuuliza nani kamwekea mpaka kwa dada yake. Akanyoosha mikono juu ya geti, nikainuka nikampa mtoto. Pale pale mtoto akanyamaza. Akawa anamgonga mgongoni kwa vidole, polepole, mdundo ule ule wa kushindilia pamba. Akamtazama sana, kama mtu anayesoma.

"Huyu ana kwao," akasema. Halafu bila kuniangalia, "Mwambie mama simlaumu. Ila huko nje ng'ombe wananipita juu."

Akanirudishia mtoto. Nikageuka kumvutia kigoda, maana mtu hasimami getini kama mdai, nilipogeuka tena hayupo. Barabara nyeupe, haina mtu juu wala chini. Hapo ndipo nilipokumbuka nyimbo za mazishi. Nikakaa kwenye maji ya sabuni.

Utasema ni uchovu wa kunyonyesha. Na mimi ningesema hivyo hivyo, isingekuwa jirani yangu wa ng'ambo, mama mmoja wa Bukoba, mtu wa kanisani, si mtu wa hadithi. Alivuka barabara taratibu, midomo imemkauka.

"Mama, nilikuona unampitisha mtoto juu ya geti," akaniambia. "Ukamwachia. Nikataka kupiga kelele, sauti ikagoma."

"Nilimpa mtu."

"Hapakuwa na mtu. Mtoto alikaa hewani, na hakuanguka."

Tulimfungua mtoto ngumi yake. Ndani alikuwa ameshika pamba iliyosokotwa.

Kesho yake nikapanda gari kwenda nyumbani. Kaburi la baba liko uani, ndani ya minyaa, limejengewa vizuri. Kando yake pakavu, nyasi tupu. Nikamtazama mama. Akaniongoza kwa macho mpaka upande wa pili wa uzio, kwenye njia ya ng'ombe wanapokwenda kunywa maji. Tuta limebomoka, limejaa alama za kwato na mavi. Msalaba umelala upande, umeandikwa MABULA, basi. Hana baba, hana ukoo, kama jina la mbwa.

Nilimuuliza kwa nini alinidanganya.

"Ulikuwa na mimba, ng'wanone, mwanangu. Ningekuambia, ningekuua." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Shemeji alisema akilazwa ndani mababu watamuuliza ukoo wake, atakosa la kujibu, watuadhibu sisi. Mimi ni mjane, ningesema nini?"

Nikampa ujumbe, kwamba Mabula hamlaumu. Mama yangu sijawahi kumwona analia vile, hata baba alipokufa. Alikaa chini kwenye yale mavi ya ng'ombe akalishika tuta kwa mikono miwili. Mimi nikaenda jikoni kuchukua panga.

Kama haliwezi kaburi kuja ndani, basi uzio utahama. Ndivyo nilivyowaza, na ndivyo nilivyomwambia baba mkubwa alipotoka na shuka lake. Akasema mtu wa kuokotwa haokotwi na mababu. Nikamuuliza mbona Mabula alipombeba baba chooni mababu hawakumuuliza ukoo. Nikaendelea kukata mpaka utomvu ukaruka, ukaniingia jicho la kushoto. Usiombe. Ni moto. Mama akanifungua mtoto mgongoni, akanilaza chini, akanikamulia maziwa yangu mwenyewe jichoni, akaosha, akakamua tena. Jicho lilipona nusu. Mpaka leo nikilifumba la kulia naona dunia kama iko nyuma ya moshi.

Na mtoto? Mtoto hakulia tena vile. Lakini yule mama wa Bukoba hajawahi kumpokea mikononi tangu siku ile, na simlaumu.

Wewe unayesoma, nakuonya. Kama kwenu kuna mtu mliyemlea, amekula sahani moja na nyinyi, amewaogeshea wazee wenu, msisubiri afe ndipo mkumbuke kwamba hamkumzaa. Atakuja kuuliza. Na hatakuja kwa yule aliyemfukuza, atakuja kwa yule aliyempenda, mchana, na mtaulizwa mkiwa hamna jibu.

Baba mkubwa alisema atanishitaki kwa mtendaji wa kijiji kwa kuharibu uzio. Nikamtangulia. Mtendaji akaniuliza nilijuaje ng'ombe wanapita juu ya kaburi wakati naishi mjini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akasema hilo tulifute, watu watanicheka. Nikamwambia wacheke. Akanitazama lile jicho, akagonga muhuri. Nilichoandika ni hiki:

*Mimi mkazi wa Kiseke namlalamikia baba yangu mkubwa kwa kumzika mdogo wangu, Mabula Lubinza, nje ya makaburi ya familia, na kuandika msalaba wake bila jina la baba. Marehemu aliasiliwa na wazazi wangu kwa amri ya mahakama, hivyo ni mtoto wao kama mimi. Taarifa ya ng'ombe kupita juu ya kaburi nimepewa na marehemu mwenyewe, getini kwangu, mchana, kisha nimeona kwa macho yangu. Naomba mlalamikiwa aitwe mbele ya kijiji. Naomba tuta lijengwe na msalaba uandikwe jina lote. Naomba uzio usipandwe tena mahali pale. Ukipandwa nitaukata, bado nina jicho moja zima.*

*Mimi, dada yake.*