Glavu Nyeupe za Himid

Mwaka 1998 hakuna jirani pale Kingsbury, ughaibuni, ambaye hakujua kwamba Himid Shaame si mtu wa kawaida, maana mwenyewe hakuchoka kutangaza. Siku za kazi alikuwa karani wa council, yaani halmashauri ya mtaa. Jumapili alikuwa bingwa wa vyombo vya fedha vya Kiingereza vya karne moja nyuma, vile vilivyofuliwa na mafundi walioikataa mashine. Chapa za nyundo, aliwaeleza wageni waliokuja kunywa chai tu, ndizo mkono wa fundi. Chai ilipoa, maelezo hayakwisha.

Kipenzi cha kabati lake kilikuwa bakuli alilonunua mnadani. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa bila glavu nyeupe za pamba. Mkewe, Mardhiya, hakuruhusiwa hata na glavu, kwa kuwa mikono yake, eti, ilijaa mafuta ya sambusa. Sambusa zenyewe Himid alizila bila kinyongo.

Mardhiya hakubishana. Alikaa dirishani akimshonea mumewe kofia ya viua, kitundu baada ya kitundu, tangu baridi mpaka baridi nyingine. Siku alipomvisha, Himid alisema, "Inabana kidogo," akaitupia juu ya televisheni. Penye miti hapana wajenzi.

Himid alikuwa na hamu moja duniani: kuingia chama cha wakusanyaji. Basi Jumapili moja akaja Anne, bibi mmoja mjumbe wa chama hicho, kulikagua bakuli. Alivaa glavu, akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu.

"Chapa hizi zote ni sawasawa, Mr Himid," alisema kwa upole. "Zimepigwa kwa mashine ili zionekane kazi ya mkono. Pole sana."

Himid alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na mkwewe.

Anne naye, kwa kutafuta pa kutazama, akaiona kofia. Akaichukua, akaigeuza nje ndani. Hapana kiua kilichofanana kabisa na mwenzake.

"Fundi wa hii ni nani?"

Mjuzi wa mikono ya mafundi alilifuta bakuli lisilokuwa na vumbi.

"Mke wangu," alisema mwishowe, na aibu ikamshika barabara, kama ilivyomstahili.

Anne alipoondoka, Himid aliinyooshea mkono kofia yake. Mardhiya, aliyekuwa akiondoa sahani ya sambusa mezani, akamwahi, akampa zile glavu nyeupe.

"Vaa kwanza, Baba Miska," alisema. "Umekula sambusa."