Darubini Mbili na Kipande cha Tyubu

Mwanangu, juzi nilikuona ukilinganisha darubini za bunduki kwenye simu yako, nikaikumbuka asubuhi moja ya ujana wangu kule Igawa, nilipokuwa askari wa wanyamapori. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa amejificha katika matete kando ya mfereji, na wafugaji hawakuthubutu kunywesha ng'ombe. Bunduki zetu zilikuwa mbili, za aina moja. Ya mwenzangu Jabiri ilikuwa na darubini mpya, kubwa, iliyoonyesha hata kope za mnyama. Yangu ilikuwa na ya zamani, ndogo, yenye ukungu pembeni.

"Hiyo yako si kitako cha chupa ya soda?" Jabiri akanitania.

Mkuu wetu, Mzee Sanga, hakucheka. Alibandika karatasi kwenye tuta, akatuamuru tupige. Risasi zangu zilikaa pamoja. Za Jabiri zilitawanyika. Jambo la ajabu, kwani Jabiri alinishinda shabaha siku zote. Tukabadilishana bunduki: nikatawanya mimi, akakusanya yeye. Hapo sote tulishikwa na hamu ya kujua. Mzee akalegeza pete za chuma zilizoishika darubini kubwa, akachomoa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Nani kaweka?"

"Mimi, Mzee," Jabiri akajibu. "Njia ya kambini ni mashimo tupu. Kwetu Mafinga hata meza ikipanda lori tunaikinga kwa mpira."

"Umekinga kioo, kijana. Bunduki ikipiga, mpira unabonyea, darubini inahama. Inaona vizuri sana mahali ambapo risasi haiendi."

Mpira ukishatoka, darubini hiyo ilihitaji kurekebishwa upya kwa kupiga shabaha, na risasi za kufanyia hivyo hatukuwa nazo. Mzee akamkabidhi Jabiri bunduki yangu. Kwa kuwa kioo chake hakikuona mbali, ilitubidi tunyemelee hadi tukasikia nyati akipumua. Jabiri alipiga mara moja tu. Jioni ng'ombe walikunywa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kupenda kioo kizuri. Nami ningali nakipenda. Ila ukilinganisha, anza chini: uliza darubini inashikwa na nini, skrubu zimekazwaje, chuma kimekutana na chuma au kuna kitu laini katikati. Kisha ijaribu baada ya safari, si dukani. Na watu nao wapime hivyo hivyo.

Mungu akujalie jicho linaloona mbali, na mahali imara pa kulishikiza.